Kitabu cha Marekani, anga ya Durban

Tangu niseme kwenye podikasti kwamba Jumamosi zangu siku hizi zinaishia uwanja wa ndege wa Virginia, simu haijatulia. Nusu ya ujumbe unatoka kwa wazazi wenu (ndiyo, wanatusikiliza, jichungeni), wanauliza nitaajiriwa na shirika gani. Sitaajiriwa, wazee wangu. Hii ni leseni ya kujifurahisha: ndege ndogo ya viti viwili au vinne, siku ya jua, unaruka mpaka Ballito, unageuza, unarudi nyumbani kula. Nusu nyingine inatoka kwenu wenyewe, na swali ni lile lile. Nisome nini? YouTube imejaa video, vitabu bei mbaya, nianzie wapi?

Nimeamua kujibu kwa maandishi maana jibu ni refu kuliko kipindi. Kwa kifupi: vitu vya kusoma si haba, na vingi vizuri ni vya bure. Shida ni kwamba vimeandikwa na watu wanaoruka kwenye anga nyingine. Mengi yaliyomo ni kweli popote duniani. Ila yapo machache ambayo ukiyabeba jinsi yalivyo ukaja nayo Durban, yatakupeleka kusini wakati unataka kaskazini, na kitabu hakikuwekei alama nyekundu kukuonyesha ni yapi.

Kwanza tuseme habari ya pesa, maana ndiyo inayowatoa wengi. Saa moja angani na mkufunzi inakula randi elfu mbili na zaidi. Sheria ya Afrika Kusini inataka angalau saa 45 kabla ya kupata PPL, leseni ya rubani binafsi, na wanafunzi wengi wanazipita. Kila jambo unalolielewa ukiwa mezani na chai yako, hulilipii angani. Nimewaona watu wakielezwa kazi ya flapu za mabawa huku propela inazunguka na mita inahesabu. Ni somo zuri, lakini kwa bei ile unaweza kununua mzigo mzima wa vitabu.

Halafu kuna NPL, leseni ya kitaifa, kwa ndege nyepesi. Masharti yake ya afya ni laini na saa zake ni chache. Lakini haifuati viwango vya ICAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya anga. Kama unataka kuruka hapa hapa KwaZulu-Natal tu, inatosha na inapunguza gharama. Kama ndoto yako ni siku moja kukodi ndege pale Wilson, Nairobi, uwapandishe binamu zako mkaangalie Ngong kutoka juu, nenda PPL moja kwa moja.

Sasa vitabu. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inatoa viwili ambavyo mimi ningeanza navyo hata kama ningekuwa na hela za kununua vingine: Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge na Airplane Flying Handbook. Ni PDF, unapakua bure kwenye tovuti yao, picha za rangi kila ukurasa. Cha kwanza kinaeleza kwa nini ndege inaruka, injini inafanyaje kazi, vipimo vya kwenye kokpiti vinasomwaje. Cha pili kinaeleza mikono na miguu yako ifanye nini. Lugha ni nyepesi. Kuna shule zinauza muhtasari wa haya haya kwa pesa nyingi, basi ninyi mnajua.

Bawa linaposusa

Nina kipimo kimoja cha kujua kama nimeelewa ukurasa, na ni cha Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, redio ni ya Kiingereza, sisi wote tumesomea Kiingereza. Kwa hiyo ni rahisi sana kulibeba neno la Kiingereza kama sanduku lililofungwa, ukalifikisha salama mpaka chumba cha mtihani bila kujua ndani mna nini. Kiswahili kinakulazimisha ulifungue.

Chukua neno stall. Ni lile lile la gari kuzima kwenye taa. Nilikuwa namwendesha mama kwenye M4, barabara inayopita kando ya uwanja wa Virginia, nikawa namweleza kwamba wiki ile tulifanya mazoezi ya hilo jambo.

"Kwa hiyo injini inazima?" akauliza.

"Hapana mama, injini inanguruma vizuri tu."

"Sasa kama injini ni nzima, kwa nini ianguke?"

Swali hilo, ndugu zangu, ni bora kuliko maswali mengi ya kwenye programu za mazoezi. Nikamwomba ashushe kioo atoe kiganja nje. Kiganja kikilala, upepo unapita juu na chini. Ukiinua kidogo upande wa mbele, mkono unapanda wenyewe. Ukiinua zaidi, unapanda zaidi. Ila ukizidisha, unafika mahali mkono haupandi tena: unasukumwa nyuma na kutetemeka, maana hewa imeshindwa kuufuata mgongo wa kiganja, imebanduka. Hiyo ndiyo stall. Injini haihusiki. Ni pembe kati ya bawa na upepo unaolijia, na kwa mabawa mengi ya ndege ndogo kikomo kiko kwenye digrii 15 hadi 18 hivi. Ukishavuka hapo, bawa linaacha kubeba, uwe unaenda polepole au mbio.

"Yaani bawa limesusa," mama akasema. Amezaliwa Tanga, kwake watu na vitu vyote vina uwezo wa kususa.

Na kwa kweli neno linakaa vizuri kuliko la Kiingereza, kwa sababu linakuambia na dawa. Aliyesusa humbembelezi kwa kumlazimisha zaidi. Rubani mgeni akiona ndege inashuka, mikono inataka kuvuta usukani ili pua ipande, na hapo ndipo anapozidisha ile pembe. Dawa ni kulegeza: shusha pua, upepo urudi kwenye mgongo wa bawa, ndege ianze kubeba tena. Kuna kitabu cha mwaka 1944, Stick and Rudder cha Wolfgang Langewiesche, ambacho kwa sehemu kubwa kimeandikwa kupigania jambo hili moja. Kiingereza chake ni cha kizamani na ndege zake ni za kizamani. Kisome hata hivyo, ukishamaliza vile viwili.

Kwa hiyo somo la bawa lichukue popote. Hewa haina pasipoti.

Kaskazini mbili

Dira ni habari nyingine, na hapa nataka tukae kidogo.

Kuna kaskazini ya ramani, ile ya ncha ya dunia, na kuna kaskazini ya sumaku, ile inayofuatwa na sindano ya dira. Haziko mahali pamoja. Tofauti yake inategemea umesimama wapi. Nairobi ni karibu sifuri, mtu anaweza kuruka hapo miezi mingi asiikumbuke. Durban ni takriban digrii 25 kuelekea magharibi. Ishirini na tano! Ukisahau kuihesabu ukaruka kilomita 100, utajikuta zaidi ya kilomita 40 kando ya mahali ulipokuwa unakwenda, na huku kwetu kando ya njia kuna bahari upande mmoja na milima upande wa pili.

Kama huamini, fungua ramani ya satelaiti sasa hivi. Tafuta uwanja wa King Shaka, halafu tafuta Jomo Kenyatta wa Nairobi. Njia zao za kurukia zina namba moja, 06 na 24, maana yake zote zinaelekea karibu digrii 60 upande mmoja na 240 upande mwingine. Lakini zikichorwa kwenye ramani hazifanani. Ya Nairobi inalala kweli kuelekea mashariki-kaskazini-mashariki. Ya King Shaka imesimama zaidi, imeelekea kaskazini kuliko mashariki, sambamba na pwani. Namba zinapangwa kwa sumaku, na sumaku ya huku imekengeuka.

Sasa weka upepo juu yake. Taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja, inayoitwa METAR, inaandikwa kwa mkato. Mfano niliotunga: FALE 24012KT 9999 SCT020 19/15 Q1021. FALE ni King Shaka. 24012KT ni upepo unaotoka digrii 240 kwa noti 12 (si za benki, ni kama kilomita 22 kwa saa). Mwanafunzi anaangalia 240, anaangalia njia namba 24, anafurahi: upepo wa usoni, kutua ni mteremko. Ila upepo wa METAR unahesabiwa kwa kaskazini ya ramani, na namba ya njia ni ya sumaku. Jumlisha 25 na upepo wako ni 265, unakuja kutoka kulia. Kwa noti 12 si janga, kwa 25 ni habari nyingine. Mwongoza ndege akikusomea upepo kwa redio wakati wa kutua, yeye hutumia sumaku, kwa hiyo namba hizo mbili, ya kwenye simu yako na ya kwenye masikio yako, hazitalingana, na zote ni sahihi. Kitabu cha Marekani kinalitaja jambo hili, lakini mifano yake mingi ina tofauti ndogo ndogo ambazo hazitakuuma. Huku linauma.

Malizia mfano: 9999 ni kuona kilomita 10 au zaidi, na Q1021 ni mgandamizo wa hewa kwa hektopaskali. Mmarekani angeandika maili za nchi kavu, na mgandamizo huo huo angeuandika A3015, kwa inchi za zebaki. Video zao zote zinasema hivyo. Zoezi zuri ni kuchukua METAR ya King Shaka kila asubuhi ukiwa kwenye teksi, uitafsiri kwa Kiswahili kichwani kabla ya kufika mjini. Wiki tatu tu na utaisoma kama ujumbe wa WhatsApp.

Bado hatujamaliza na dira. Karibu na ncha za dunia sindano inavutwa na kuinama chini, na mwinamo huo unaifanya idanganye ndege inapogeuka au kuongeza mwendo. Vitabu vya Marekani na Uingereza vinakufundisha vifupisho vya kukariri: ukiongeza mwendo ukielekea mashariki au magharibi, dira itaonyesha kana kwamba unageukia kaskazini. Huko ni kweli. Kusini mwa ikweta sindano inainama upande wa pili, na yote yanageuka: Durban itaonyesha unageukia kusini. Pindua kila kifupisho kabla ya kukikariri. Pindua na upepo pia: kwao hewa huzunguka mgandamizo mdogo kinyume cha saa, kwetu huuzunguka kwa kufuata saa. Ukisimama umeupa upepo mgongo ukiwa Durban, hali mbaya ya hewa iko kulia kwako. Ukiwa Ohio iko kushoto.

Upepo wa milimani

Hali ya hewa ndiyo inayoua marubani wa kujifurahisha, kwa hiyo hapa sicheki.

Vitabu vya nje vinakueleza barafu kwenye mabawa na vimbunga vya nchi kavu kwa kurasa nyingi. Somea mtihani, sawa. Lakini cha kukukamata Durban ni kingine. Kuna siku za baridi, hasa Julai na Agosti, ambapo ghafla kunakuwa na joto kama la Krismasi. Hewa inashuka kutoka nyanda za juu kuja baharini, na kadiri inavyoshuka inabanwa, inapata joto na kukauka. Watu wa huku wanauita upepo wa berg, yaani wa milimani. Anga inakuwa safi, unaona mbali, unataka kuruka. Kumbe nyuma yake, mara nyingi, kuna mgandamizo mdogo unaotambaa kandokando ya pwani kutoka kusini-magharibi. Ukifika, upepo unageuka mara moja, kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na mawingu ya chini na manyunyu yanaingia kutoka baharini. Ukiwa juu ya Ballito na mawingu yamekwisha kufunika Umhlanga, njia ya kurudi nyumbani imefungwa.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwaweka watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo katika hali iliyoigiza kuingia mawinguni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, hata dakika tatu hazikutimia. Sikio la ndani linakuambia uko sawa wakati ndege imelala ubavu inazunguka kushuka, na wewe unaliamini sikio. Ndiyo maana mkufunzi anayesema "leo haturuki" huku jua linawaka ni mkufunzi wa kumshika.

Kwa somo hili kitabu kizuri kabisa ni cha bure, na hakiitwi kitabu. SACAA, mamlaka ya anga ya Afrika Kusini, inachapisha ripoti za uchunguzi wa ajali kwenye tovuti yake. Tafuta za KwaZulu-Natal, chagua za ndege ndogo, soma moja kila Jumapili. Zimeandikwa kwa lugha kavu: aliondoka saa ngapi, hali ya hewa ilikuwaje, alikuwa na saa ngapi kwenye daftari lake la urubani. Soma mpaka katikati, funika mwisho, jiulize ungegeuza wapi. Hakuna video iliyonifundisha zaidi.

Tovuti hiyo hiyo ina sheria. Part 61 ni ya leseni, Part 62 ni ya NPL, Part 91 ni ya namna ya kuruka. Hapa usitumie kitabu cha nje hata kidogo. Kama unataka mtu akueleze kwa lugha ya kibinadamu, tafuta mwongozo wa PPL wa Jim Davis, mkufunzi aliyefundisha Afrika Kusini miaka mingi; anaandika kama mjomba anayekugombeza kwa upendo. Wasikilizaji wa Nairobi na Dar, ninyi nendeni kwenye sheria za KCAA na TCAA. Na Nairobi mna Aero Club of East Africa pale Wilson, ipo tangu 1927, nendeni mkawaulize wazee wa pale maswali.

Programu za maswali ya mtihani zinafaa mwezi wa mwisho tu. Alama ya kufaulu ni asilimia 75, na unaweza kuifikia kwa kukariri herufi, lakini jaribu kuituliza ndege kwa herufi C. Simuleta ya nyumbani inafaa kwa kuzoea njia: ruka Virginia mpaka Margate kwenye skrini, jifunze kuona mdomo wa mto Umgeni, uwanja wa Moses Mabhida, mnara wa taa wa Umhlanga, na kusini kule mlima wa Bluff. (Pale King's Rest ndipo walipoishi Wazanzibari wa Durban, watu waliokombolewa utumwani na kuletwa hapa kuanzia 1873, mpaka serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth. Wanadai kipindi chao.) Kwa kutua, simuleta haitakusaidia sana. Kiti hakikusukumi mgongoni.

Halafu kitabu ambacho kila mtu anakisahau: kile cha ndege yenyewe. Ukishajua utajifunzia ndege gani, omba nakala ya mwongozo wake, usome mpaka ujue kwa kichwa mwendo wake wa kupaa, wa kutua, na wa bawa kususa. Ukurasa wa uzito na joto usome mara mbili. Virginia iko usawa wa bahari, ndege inapaa kwa furaha. Siku utakayokwenda Johannesburg, kwenye futi kama 5,500, na joto la digrii 28, hewa itakuwa nyembamba kama ya futi 8,400 hivi, na ndege ile ile itakuwa kama imekula ugali wa watu watatu.

Wengi wenu mmeuliza kuhusu redio, mnaogopa lafudhi. Sikilizeni hii. ICAO imepanga namna ya kutamka namba ili mtu yeyote duniani aeleweke. Tatu ya Kiingereza hutamkwa "tri". Elfu hutamkwa "tausandi", karibu hivyo, bila ule ulimi kati ya meno. Tisa ni "naina". Yaani matamshi ambayo tulikuwa tunawacheka wazee wetu nayo ndiyo matamshi rasmi ya anga. Mtihani wa lugha unataka daraja la 4, na lafudhi inaruhusiwa ilimradi uelewke. Andika mazungumzo yako ya redio kwenye kadi, yaseme kwa sauti bafuni.

Jambo la mwisho ni la kufanya kwanza. Kabla hujanunua hata kalamu, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na SACAA: kipimo cha Class 2 kwa PPL, Class 4 kwa NPL. Macho, moyo, sukari, masikio. Ukiwa na miaka 16 unaweza kuanza kama mwanafunzi, PPL yenyewe inatolewa ukiwa na 17. Na kama ni Virginia unayoitaka, usikae sana ukifikiria. Ardhi ile ya ufukweni ni ya manispaa ya eThekwini, na mjadala wa kuufunga uwanja umekuwepo kwa miaka mingi.